Besi ya mbao au ya umeme? Jiulize kwanza utaipigia wapi

JE, mwanao amewahi kukujia jioni moja akitaka umnunulie chombo cha muziki kinachomzidi kimo? Iwapo bado, usicheke. Mimi nilicheka, hadi siku mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliporejea kutoka shuleni na kutangaza mbele ya sahani ya ugali kwamba hataki tena kinanda. Alitaka besi. Si lile gitaa la besi unaloliona likining'inia mabegani mwa vijana kanisani, bali lile dude lenye umbo la fidla ambalo mpigaji husimama nalo kana kwamba anacheza dansi na mtu mnene.

Mama yake hakucheka. Zamu yake ya kupokea pesa za chama ilikuwa imekaribia na alikuwa tayari kumsaidia bintiye. Lakini pesa hizo zilikuwa za kununua chombo kimoja tu, na zikishatoka zisingerudi hivi karibuni. Swali likawa: wanunue besi ya mbao ya asili, au ile ya umeme ya kusimama ambayo binti alikuwa ameiona kwenye picha, nyembamba kama mwiko wa kusongea ugali wa arusi?

"Mjomba, wewe ni mtu wa gazeti, tuulizie," binti akaniambia. Basi nikaulizia, nikasikiliza na hata nikajaribu kuvuta upinde mwenyewe, jambo ambalo watoto wa mtaa ule hawajalisahau. Niliyoyaokota huko ndiyo ninayokuletea leo, msomaji, maana hapana shaka kuna mzazi au mwanafunzi mwingine jijini anayekuna kichwa kwa swali hilo hilo.

Vyombo viwili, ukoo mmoja

Hebu tuanze na majina, kwa kuwa hapo ndipo wengi hupotea. Besi ya mbao, ambayo wanamuziki huiita dabo besi, ndiyo kubwa kuliko vyombo vyote vya jamii ya fidla. Ikisimama hufikia kimo cha mtu mzima, kama mita 1.8. Muuzaji akikwambia kwamba aliyo nayo ni ya "robo tatu", usidhani anataka kukuuzia ya watoto. Hiyo ndiyo saizi ya kawaida ya watu wazima, na ile iitwayo kamili huonekana kwa nadra.

Ina nyuzi nne, E, A, D na G kuanzia ile nzito, sawasawa na gitaa la besi. Lakini shingo yake haina vile vipande vya chuma vinavyoligawa gitaa katika vyumba. Kidole kikiteleza kwa upana wa kucha, sauti huwa imepotoka. Hupigwa kwa kuvutwa kwa upinde au kwa kudonolewa kwa vidole.

Besi ya umeme ya kusimama ina shingo kama hiyo na nyuzi kama hizo, ila tumbo limeondolewa. Kinachobaki ni mfano wa mti wa mwavuli uliofungwa nyuzi na kusimamishwa kwa miguu. Iliyotengenezwa vyema ina urefu uleule wa uzi unaopigwa, yaani kama sentimita 104 hadi 107. Gitaa la besi la kawaida lina sentimita 86 tu. Hiyo ndiyo sababu kijana anayelipiga gitaa la besi kwa ustadi hushika besi ya kusimama siku ya kwanza na kujikuta amepotea njia nyumbani kwao.

Sauti hutoka wapi?

Uzi peke yake ni maskini wa sauti. Unapotetemeka husukuma hewa kidogo mno, na mtu aliye upande wa pili wa chumba hasikii kitu. Ni lazima upate wa kuusemea.

Katika besi ya mbao, msemaji ni lile tumbo. Uzi hulitikisa daraja, nalo daraja huutikisa ubao wa mbele, ambao aghalabu ni wa mti laini wa jamii ya msonobari. Ndani, kati ya ubao wa mbele na wa nyuma, kuna kijiti kimoja kilichosimama wima. Kijiti hicho kidogo, ambacho Waitaliano na Wafaransa hukiita "roho" kwa lugha zao, hupeleka mtetemo hadi nyuma. Tena hakikugundishwa. Kinashikiliwa na mbano wa mbao zenyewe, kwa nguvu ya nyuzi zilizokazwa. Ndiyo maana walimu huwaonya wanafunzi wasifungue nyuzi zote kwa wakati mmoja. Ukifanya hivyo roho inaweza kuanguka, na besi itanyamaza kama mgonjwa.

Katika besi ya umeme, chini ya daraja kuna kinasa mtetemo, aghalabu kipande cha kauri maalum ambacho hutoa umeme kidogo kinapobanwa. Umeme huo hupelekwa kwenye amplifaya na kutoka kwenye spika. Kwa maneno mengine, msomaji, spika ndiyo tumbo la besi ya umeme. Ukinunua chombo bila kufikiria spika umenunua nusu ya chombo.

Nalo si jambo dogo. Uzi mzito wa besi hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu yako haina uwezo wa kuitoa sauti hiyo. Inachotoa ni vivuli vyake vya juu, na sikio lako hujaza mengine kwa kubahatisha. Basi yule anayechagua besi kwa kutazama video za wauzaji kwenye simu anachagua ng'ombe kwa kusikia kengele yake.

Kuna tofauti nyingine ambayo haionekani dukani. Besi ya mbao humjibu mpigaji. Akikandamiza upinde kupita kiasi, tumbo hukoroma. Akiulegeza, hulia kwa upepo. Anasikia kosa kwa sikio na kulihisi kwenye mbavu, kwa kuwa chombo kimemwegemea. Besi ya umeme husamehe zaidi, na mwanafunzi anayesamehewa kila siku hukawia kujua kwamba amekosa.

Umeme ulivyoingia

Usidhani kwamba besi ya umeme ililetwa na wauzaji wenye tamaa. Ililetwa na kilio. Katika bendi za dansi za Marekani, ngoma na tarumbeta zilikuwa zikimfunika mpigaji besi hata akawa kama mtu anayezungumza kando ya reli gari-moshi likipita. Kufikia miaka ya 1930 watengenezaji kadhaa, Rickenbacker akiwa mmoja wao, walikuwa wamejaribu besi za kusimama zinazotumia umeme.

Mwaka 1951 Leo Fender wa California alileta gitaa lake la besi, Precision Bass, linalovaliwa begani. Wengi waliiacha mbao wakamfuata. Lakini wapo waliotaka nguvu ya umeme bila kuacha mkao wa kusimama. Tangu 1962 kampuni ya Ampeg iliuza besi ndogo ya plastiki iliyoitwa Baby Bass. Wapiga salsa waliipenda kwa mdundo wake mfupi unaopenya katikati ya ngoma na matarumbeta. Huko Ujerumani, Eberhard Weber alijipatia sifa kuanzia miaka ya 1970 kwa besi ya umeme ya kusimama yenye nyuzi tano. Kwa hivyo anayekwambia kwamba hicho ni chombo cha wavivu hajasikia mengi.

Kwetu Afrika hadithi ni hiyo hiyo. Rumba ya Kongo iliyorekodiwa katika miaka ya 1950 mara nyingi iliwekewa chini besi ya mbao, kabla ya gitaa la besi kushika nafasi hiyo. Zanzibar nako, vikundi vikongwe vya taarab kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa 1905, na Culture Musical Club viliiweka dabo besi nyuma ya ganuni, udi, fidla na akodioni, kwa kufuata mtindo wa okestra za Misri. Miaka ya 1990 ilipoleta taarab ya kisasa, kina East African Melody na wenzao, vinanda vya umeme na magitaa vilichukua nafasi ya mbao. Hata hivyo taarab asilia haikuiacha, na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kisiwani humo kimekuwa kikifundisha vyombo vya taarab hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Ninakusimulia haya kwa sababu yana funzo. Kila mahali ambapo umeme uliishinda mbao, ni kelele za jirani zilizoamua. Mahali ambapo wenzake mpigaji hupiga kwa upole, mbao ilibaki.

Konda, jirani na stima

Sasa turudi Nairobi, maana muziki ni mtamu lakini lazima ufike nyumbani.

Siku moja tuliazima besi ya mbao kutoka kwa mwalimu ili binti aishinde nayo wikendi. Uzito si tatizo kubwa, kwani kwa kawaida ni kama kilo 10. Tatizo ni umbo. Tulisimamisha matatu ya abiria 14. Konda alitutazama, akaitazama besi ndani ya mfuko wake mweusi, kisha akasema, "Huyo mzee atalipa viti vitatu, na asimamie nje." Matatu ikaondoka. Ya pili haikusimama hata kidogo. Mwishowe tuliikodi pikapu ya kubebea mboga, na nauli ya siku hiyo ingemlisha binti chakula cha mchana kwa wiki nzima.

Besi ya umeme ina nafuu hapa. Nyingi ni nyepesi, na zile ambazo fremu zake za pembeni hufunguliwa huingia katika mfuko mrefu mwembamba unaoweza kusimama kando yako basini. Lakini kumbuka lile tumbo lake la pili: amplifaya nzuri ya besi pamoja na spika yake inaweza kuwa nzito kuliko chombo chenyewe. Wanaokwenda mahali penye mitambo hawana shida. Wanaokwenda mahali pasipo na mitambo hubeba mizigo miwili.

Kisha kuna jirani. Dada yangu anakaa ghorofa ya nne, na chini yake anaishi muuguzi anayefanya kazi usiku na kulala mchana. Sauti nzito haizuiwi na mlango wala pazia. Hupita ukutani na sakafuni. Jumapili ile ya kuazima, muuguzi alipanda ngazi akiwa na leso kichwani na macho mekundu. Hakugomba. Aliuliza tu kwa sauti ya chini, "Mama, hicho kitu kitakaa hapa siku ngapi?" Swali hilo lilimwingia dada yangu kuliko matusi.

Kwa besi ya umeme, mpigaji huvaa hedifoni na nyumba nzima ikalala. Stima ikipotea, kama inavyopotea, baadhi ya besi hizo hutumia betri, na hata isiyo na betri hutoa sauti ndogo inayomtosha mpigaji mwenyewe kufanya mazoezi ya vidole. Lakini stima ikipotea katikati ya tamasha, besi ya umeme huwa kuni, ilhali ya mbao huendelea.

Jambo la mwisho ni hali ya hewa. Mbao hunywa unyevunyevu na kuutoa. Besi inayotoka Mombasa kuja Nairobi wakati wa kiangazi cha Januari na Februari hukauka na kusinyaa. Mafundi wa jadi hutumia gundi ya ngozi ya mnyama makusudi, ili mbao ikivutana, kiungio ndicho kifunguke badala ya ubao kupasuka. Kiungio hicho fundi anayejua kazi hukifunga tena.

Katika shule moja niliyopitia, besi ilifunguka kiungio, nayo ikapelekwa kwa fundi wa fanicha. Alikuwa mtu mwema na aliigundisha kwa gundi yake kali ya makochi. Kiangazi kilichofuata kiungio hakikufunguka. Ubao wa mbele ulipasuka kutoka juu hadi karibu na daraja, na besi ile ikageuka pambo la stoo. Besi ya umeme haina ubao mwembamba wa kupasuka namna hiyo.

Mahali ambapo mbao haina mbadala

Kufikia hapa pengine umekwisha kuamua kwamba ya umeme ndiyo ya mjini. Mimi pia niliamua hivyo, na nusura nimpotoshe dada yangu.

Ikiwa mwanao anataka kupiga katika okestra, mbao haina mbadala. Nairobi ina nafasi hizo kuliko watu wengi wanavyofikiri. Okestra ya Nairobi ilianzishwa 1947, na chuo cha Kenya Conservatoire of Music kiliundwa 1944. Mradi wa Ghetto Classics ulianza Korogocho mwaka 2008 na umewapa vijana wengi vyombo ambavyo wazazi wao wasingeweza kuvinunua. Okestra ya vijana ya Safaricom ilianza 2014.

Katika kundi kama hilo, wapiga besi husimama au kuketi pamoja na pinde zao huenda na kurudi kwa pamoja. Sauti yao hutandazwa sakafuni kama mkeka, na wengine wote hukaa juu yake. Mmoja wao akiwa na spika, sauti yake hutoka sehemu moja kama tochi katikati ya mishumaa. Hata ikiwa nzuri, haichanganyiki. Kiongozi wa okestra akimkataa, si kwa dharau.

Tena kazi kubwa ya okestra ni ya upinde, na hapo besi nyingi za umeme huonyesha udhaifu. Kinasa mtetemo hunasa kwa ukali ule mkwaruzo wa upinde, na mara nyingi kinachotoka ni sauti kavu. Zipo nzuri, lakini bei yake hupanda hadi ile sababu ya kukimbia mbao ikapotea. Na kama mwanao atafanya mitihani ya muziki au majaribio ya kuingia katika kundi, uliza mapema, tena kwa maandishi, iwapo chombo cha umeme kinakubaliwa.

Mahali ambapo umeme hushinda

Kwa upande mwingine, ikiwa mwanao atapiga kanisani kando ya seti ya ngoma, vinanda viwili na waimbaji wenye maikrofoni, au katika bendi ya arusi chini ya hema, besi ya mbao itamtesa. Itabidi ifungwe kinasa mtetemo, na spika ikiongezwa sauti, sauti hiyo hurudi na kulitikisa lile tumbo kubwa, kinasa kikainasa tena, na mzunguko huo hukua hadi spika ikapiga yowe. Umewahi kuona waumini wakiziba masikio? Basi unajua ninachosema. Besi ya umeme, kwa kuwa haina tumbo la kutikiswa, huvumilia sauti kubwa zaidi kabla ya kufika huko.

Vilevile humfaa mpigaji gitaa la besi anayetaka ladha ya kusimama katika nyimbo chache, na yule ambaye tayari ameisoma mbao lakini anahitaji chombo cha mazoezi ya usiku au cha kusafiria. Zingatia neno hilo, msomaji: tayari ameisoma mbao. Kutoka mbao kwenda umeme ni rahisi. Safari ya kurudi ina mlima.

Gharama zisizoandikwa kwenye lebo

Besi ya mbao ya mwanafunzi, iliyotengenezwa kwa plaiwudi, huanzia dola elfu moja na ushei za Marekani huko inakotoka, kabla ya meli na ushuru. Zilizochongwa kwa mbao nzima huwa za maelfu kadhaa. Usilione neno plaiwudi kama tusi. Kwa mwanafunzi ni baraka, kwa kuwa haipasuki kwa urahisi na hustahimili kubebwa hapa na pale. Ile ya kuchongwa ina sauti tajiri, lakini ni kama mtoto mchanga, haitaki kuachwa peke yake juani.

Besi za umeme zipo za bei ya chini kuliko hizo na zipo za juu kuliko hizo. Ongeza juu yake amplifaya na spika. Kwa zote mbili, ongeza upinde na ulimbo wa kuupaka. Nyuzi nazo si za gitaa: seti moja nzuri hupita dola 150, ingawa hudumu kwa muda mrefu. Juu ya yote, weka kando pesa za mwalimu. Besi bila mwalimu ni kabati.

Ukienda kununua

Kwanza, beba futi ya kupimia. Pima uzi kutoka mahali unapoanzia juu ya shingo hadi kwenye daraja. Besi ya umeme iliyo fupi sana kuliko sentimita 104 itaufundisha mkono wa mwanao vipimo ambavyo havitamfaa kwingine.

Pili, tazama daraja kwa pembeni. Linapaswa kupinda kama upinde wa mvua. Baadhi ya besi za umeme zina daraja bapa, na ukivuta upinde unagusa nyuzi mbili kwa pamoja.

Tatu, chunguza mahali pa kidole gumba. Katika besi ya mbao, shingo inapokutana na mwili kuna kisigino ambacho gumba hukikuta, na mpigaji akajua alipo bila kutazama. Besi za umeme zilizotengenezwa kwa makini zimeiga kisigino hicho na mbavu za pembeni. Zisizo nacho humwacha mwanafunzi akipapasa gizani.

Nne, kwa ya mbao, chungulia katika yale matundu mawili ya mbele uone kama ile roho imesimama. Gonga taratibu kwa kidole kuzunguka kingo zote. Ukisikia mtatariko, kiungio kimeachia. Kagua mahali shingo iliposhikana na mwili; nyufa za hapo ni ghali.

Tano, isikilize besi ya umeme kwa spika utakayoimiliki wewe, si kwa ile kubwa ya dukani. Kisha mwache mwenzako apige, nawe usimame hatua kadhaa mbali. Besi anayoisikia mpigaji si ile wanayoisikia watu.

Tulivyoamua

Tulikwenda sote watatu kuzisikiliza besi zote mbili katika chumba kimoja. Binti alivuta uzi mmoja tu, mrefu, bila kubonyeza kidole chochote. Kwa ile ya umeme, kupitia spika ndogo ya mazoezi, nilisikia noti. Kwa ile ya mbao, dada yangu, ambaye hajui noti hata moja, aliweka mkono juu ya kiti alichokalia na kusema, "Kiti kinatetemeka." Binti alitabasamu hadi jino la mwisho. Hapo nilijua anachokitaka.

Lakini bado kulikuwa na ghorofa ya nne, na bado kulikuwa na muuguzi. Kilichotuokoa ni swali ambalo tulipaswa kuuliza tangu mwanzo: je, kuna besi ya mbao ambayo binti anaweza kuipiga bila kuimiliki? Ilikuwepo. Mahali anapofanya mazoezi ya okestra palikuwa na besi mbili za pamoja, naye aliruhusiwa kuitumia moja mara tatu kwa wiki, mradi aje mapema. Pesa za chama zikanunua besi ya umeme iliyokwisha tumika, yenye urefu kamili, na hedifoni. Zilizobaki zikawa za mwalimu.

Sitakuficha dosari. Miezi sita baadaye mwalimu alitikisa kichwa. Vidole vya binti vilikuwa vimekomaa, lakini mkono wake wa upinde ulikuwa umekuwa mvivu. Hedifoni zilikuwa zimempa sauti nono bila yeye kuitafuta. Alirudishwa kwenye uzi mmoja, mrefu, juu ya mbao, kwa majuma mengi. Alilia kidogo, akarudi. Tangu hapo nyumbani hutumia umeme kwa vidole na kusoma noti, na kazi ya upinde huipeleka kwenye mbao.

Kwa hivyo, msomaji, ushauri wangu ni huu. Ikiwa mwanao anaanza na ndoto yake ni okestra au taarab asilia, mtafutie mbao kwanza, hata ya kuazima, hata ya plaiwudi. Ikiwa uwanja wake ni bendi na kanisa lenye mitambo, nunua ya umeme bila haya, lakini usisahau spika. Na ikiwa unaweza kuifikia mbao mahali fulani ilhali nyumbani hakuna nafasi, umeme utakuwa msaidizi mwema mradi usimpe kazi ya bwana wake.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Ni kweli, lakini hata mkulima hulitazama shamba kabla ya kushika mpini. Nenda na mwanao, msimame katika ukumbi atakaopigia, msikilize ni akina nani watakaokuwa kando yake. Ukumbi huo utawajibu kabla ya muuzaji kufungua mdomo.

Jumapili iliyopita nilipanda ngazi za dada yangu mchana. Binti alikuwa amesimama dirishani na hedifoni zake, mkono ukipanda na kushuka juu ya ule mti wa mwavuli, na chumba kilikuwa kimya kabisa. Chini yetu muuguzi alikuwa amelala.